Mwaka Niliomlainisha Mama Véro

Ujumbe wa Clémence uliingia Jumanne mchana nikiwa nachambua mchele. “Dada Sifa, papa ametutoka asubuhi hii. Matanga iko kwetu Pinetown.” Nikausoma mara mbili, nikaweka simu kando ya jiko, nikamaliza kuchambua, nikaosha, nikainjika. Nikala pia, wali na maharage, sahani imejaa, na chumvi ilikuwa sawa. Jirani alipogonga kuomba kitunguu nikamwambia Papa Anselme amekufa, akasema pole, nikasema asante, nikampa kitunguu. Nina miaka thelathini na tatu. Najua wazee watanicheka: mtu wa umri huo anaandika kumbukumbu za ujana, ana nini cha kukumbuka? Wacha wacheke. Ule mwaka niliofanya kazi na Papa Anselme ndio ulionizeesha, na sikujua unanizeesha kwa sababu mwaka huo sikuwa nasikia kitu. Sitakuchosha na habari za nilizaliwa wapi na nilifikaje Durban. Kila mtu mtaani kwetu Albert Park ana hadithi hiyo, na nyingi ni mbaya kuliko yangu.

Studio ya Shomari ilikuwa chini ya ghorofa letu, imebanwa katikati ya saluni na duka la simu. Neno studio ni la heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, feni moja, na pazia la kijani la kupigia picha za pasipoti. Ukuta wa upande wa saluni ulikuwa ubao mtupu, kwa hiyo mchana kutwa nilifanya kazi nikisikiliza wanawake wakisukwa: nani ameachwa, nani karatasi zake zimekataliwa, nani amemwona mume wa nani kwenye taxi ya kwenda Pinetown akiwa na mtu asiye dada yake. Shomari, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alipiga video za harusi na matanga. Mimi nilizikata na kuzipanga. Mwaka huo alikuja na programu mpya na furaha kama mtu aliyenunua gari. “Hii sasa inaitwa akili mnemba, Sifa. Ukiipa picha mbili, yenyewe inabuni ya katikati. Mtu anatembea laini utadhani anapakwa mafuta.” Na kweli. Bibi harusi aliyekuwa akitoka kanisani kwa mishtuko alitoka akielea. Mama anayelia kaburini alilia polepole, chozi moja likichukua muda wa kuchemsha chai. Wateja walipenda. Walisema, laini, tufanyieni laini.

Nadhani hapo ndipo niliingia ganzi, ingawa siwezi kukuapia. Ukitazama watu wakilia polepole kuanzia saa mbili asubuhi, ukisimamisha uso wa mfiwa ili uone kama pua imekaa vizuri, ukirudisha nyuma jeneza likapanda kutoka shimoni na kushuka tena, mwisho unakuwa kama mtu aliyechomwa sindano na daktari wa meno. Mdomo unafanya kazi, unaongea, unakula, lakini ukijing'ata hujui. Mchumba wangu alinipigia kutoka Cape Town kuniambia amepata mwingine, nikamjibu, “Sawa, basi usisahau kunirudishia begi langu.” Kule saluni wakacheka mpaka wakagonga ubao. Walidhani nina roho ngumu. Hata roho ngumu ina uchungu wake. Mimi sikuwa na kitu.

Clémence alikuwa msusi hapo saluni, na ndiye aliyemleta baba yake. Mzee mrefu, mwembamba, suti nyeusi, shati jeusi, soksi nyeusi, katoni la viatu kwapani. Mke wake, Mama Véro, alikuwa amekufa miezi michache nyuma, na kwa desturi ya ukoo wao mfiwa anavaa nyeusi mwaka mzima mpaka siku ya kuanua matanga. Akaliweka katoni mbele yangu taratibu, kama limebeba mayai. “Mama, weye ndiyo mwenye kuchezesha mapicha?” Nikamwambia ndiyo, Papa. “Niko na bibi yangu humu ndani. Nataka atembee.” Kwao Lubumbashi alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka na wa michoro ya kuchekesha magazetini. Mama Véro hakupenda kamera. Simu yenye video zake mbili tatu iliibiwa robot, taa ya barabarani, ilipokuwa nyekundu na dirisha la gari liko wazi, na hakukuwa na nyingine. Kwa hiyo mzee alikaa akamchora. Karatasi moja mguu mbele, karatasi nyingine mguu mbele kidogo zaidi. Dakika tatu alizitaka, na dakika tatu zilikuwa karatasi elfu mbili na ushei. Zitazamwe ukumbini siku ya kuanua matanga, mbele ya watu wote, na mbele ya dada mkubwa wa marehemu, Mama Georgette, ambaye angetoka Lubumbashi kwa basi kuja kumvua shemeji yake nguo nyeusi. Hawa dada wawili hawakuwa wameonana miaka ishirini. “Nataka amuone vile alikuwa,” Papa Anselme akasema. “Hiyo tu. Sitafuti kingine.”

Basi kila Alhamisi nikawa napanda kwa mzee, ghorofa ya saba, kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa kabla ya Mama Véro, kwenda kupiga picha karatasi mpya. Chumba chao nakikumbuka kuliko chumba changu mwenyewe cha mwaka ule. Pazia la maua likitenganisha kitanda cha Clémence. Televisheni imefunikwa kitenge, kwa sababu mfiwa hafungui televisheni kabla matanga hayajaanuliwa. Meza chini ya dirisha, kioo juu ya meza, taa chini ya kioo, na makatoni ya viatu yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Mzee alikuwa akipika yeye mwenyewe: bukari, ugali mgumu wa kwao, na ndagala, yaani dagaa, kwa nyanya, pilipili pembeni. Hakuniruhusu nishike karatasi kabla sijanawa, na hakuniruhusu niondoke kabla sijala. Alipenda kuongea akila. “Véro alikuwa anachekaka na bega, si na mdomo. Bega inapanda, ndiyo unajua sasa anacheka.” Halafu anachukua karatasi thelathini, anazipitisha kwa kidole gumba, pa-pa-pa-pa, na bega la mwanamke linapanda. Eish, mzee alijua kuchora.

Na alinionyesha mguu. Naandika hivi nisije nikajidanganya uzeeni: alinionyesha. Mama Véro alikuwa anachechemea mguu wa kushoto tangu mtoto. Papa Anselme alikuwa akisikia anavyokuja koridoni, hatua, kimya, hatua, na kwa hatua hizo akajua leo amechoka, leo ana hasira, leo ameleta nyama. Kwenye kona ya karatasi hizo aliandika namba kwa penseli nyekundu, sita, nane, mara nyingine kumi. “Hapa usipite mbio, mama. Picha hii ikae mara nane. Anasimamaka kidogo, anafikiri, ndiyo mguu unakuja. Ukiondoa pale, umemuondoa.” Nikasema nimeelewa, Papa. Nilisema nikiwa natoa mwiba wa samaki kwenye meno. Nilielewa kweli, kama unavyoelewa mtu anapokuambia saa ngapi. Kisha nikamuuliza kama anataka kutazama zile dakika za kwanza kwenye kompyuta yangu. Akakataa. Alikuwa amejiwekea kwamba atamuona mke wake akitembea siku ile ile, pamoja na watu, si kabla. Mpaka siku hiyo yeye na Véro wangeonana kwa kidole gumba tu.

Wiki ya mwisho kabla ya ukumbi nilikuwa na filamu nzima mbele yangu. Namba nyekundu nilizifuata zote, picha ikae mara nane, ikakaa mara nane. Nikamuita Shomari atazame. Akasimama nyuma yangu na andazi mkononi, akatazama hadi mwisho. Kisha akasema, “Mzee fundi, sikatai. Lakini inakwama, Sifa. Inakwama kama kanda iliyoliwa na redio. Utampeleka mzee wa watu akaaibike mbele ya wakwe? Mlainishie. Mfanyie wema.” Nikafungua programu. Kwa katuni za mkono iko hivi: mchoro mmoja hurudiwa mara mbili tatu ili kupunguza kazi, na mashine ikikuta picha mbili zinazofanana haina cha kubuni katikati yake, mtu anasimama kisha anaruka. Ndiyo maana kuna kisanduku cha kuweka alama: ondoa picha zinazojirudia. Kila aliyewahi kulainisha katuni hukiwekea alama bila kufikiri, na mimi nikakiwekea alama bila kufikiri. Mashine ikazihesabu zile nane za mguu kuwa kosa, ikatupa saba, ikajaza pengo kwa miguu ya kubuni. Ilipomaliza nilitazama mwanzo na mwisho tu. Alikuwa anatembea vizuri. Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nilitenda nikaenda kununua mkate.

Ukumbi ulikuwa Sydenham, wa kanisa, viti vya plastiki vyeupe na sufuria za sombe, kisamvu cha kwao, nyuma kwenye meza ndefu. Mama Georgette alikuwa amefika siku mbili kabla, miguu imevimba kwa basi, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kuita watoto wa mtaa mzima. Alimkalisha Papa Anselme mbele ya watu, akamvua koti jeusi, akamvika shati la kitenge cha bluu, akamnyunyizia maji, akasema maneno ya ukoo, na watu wakapiga vigelegele. Kisha Clémence akazima taa. Ukutani Mama Véro akatoka koridoni akiwa na beseni la sombe. Akatembea. Akaketi, akachambua majani, bega likapanda, watu wote waliomjua wakasema “ayii!” kwa pamoja. Akainuka, akaenda mpaka barazani, akaegemea chuma akatazama chini mjini. Dakika tatu. Hakuchechemea hata mara moja. Aliteleza sakafuni utadhani mtangazaji wa sabuni. Nilikuwa nimesimama karibu na swichi na ndipo nilipoona nilichofanya, na bado, nakwambia ukweli wa Mungu, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba rangi imetoka vizuri.

Kabla taa hazijawashwa Mama Georgette akasimama. “Kumbe mguu ulipona!” Akageukia watu, mikono juu. “Walimponyesha! Véro wangu, alipona mguu, na hakuna mtu aliniambia!” Akaanza kuimba wimbo wa shukrani, na watu wa kanisa, ambao wote walimjua Mama Véro, wote walimwona kila Jumapili akipanda ngazi kwa kushikilia ukuta, wakaangaliana. Wengine wakaanza kuitikia kwa kukosa la kufanya. Papa Anselme alikuwa bado anatazama ukuta mweupe ambapo mke wake alikuwa. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Mama Georgette akamshika mabega na kumtikisa. “Shemeji, mguu ulipona lini?” Mzee akamgeukia. “Kitambo,” akasema. “Ulipona kitambo.” Clémence akanifuata kwenye masufuria, macho mekundu. “Dada Sifa, umefanya nini?” Nikamwambia nimelainisha. Nikaendelea kupakua sombe, kwa sababu watu walikuwa wamepanga mstari.

Hiyo habari ya mguu niliisikia kesho yake, jikoni kwao, na hakuna aliyekuwa akinisimulia mimi. Mama Georgette alikuwa akimwambia Clémence huku wakikoroga bukari, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa pazia nikisubiri Papa Anselme atoke bafuni. Yeye Georgette alikuwa na miaka tisa, akapewa mdogo wake Véro, bado mchanga, abebe mgongoni, akaruka mtaro kwa ujeuri tu, kuwaonyesha wenzake, akaanguka chali. Chali, juu ya mtoto. Mguu wa mtoto ukavunjika, na haukuunga sawasawa. “Hakuna mtu alinichapa,” alisema. “Ingekuwa walinichapa ingekuwa afadhali. Miaka yote kwa simu namuuliza habari ya watoto, habari ya kazi, habari ya mvua. Ya mguu sikuthubutu.” Akacheka, akapenga kamasi. “Sasa naweza kufa, mwanangu.” Papa Anselme alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni, na yeye amesikia. Nikamvuta koridoni. Nikamwambia, Papa, nisamehe, ni mimi, ile uliyoichora ipo, haikupotea, nitakuletea kesho. Hakukasirika. Ningelipenda akasirike. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Acha kwanza. Huyu mama aende kwanza. Akienda, utaniletea bibi yangu.”

Mama Georgette alikaa wiki mbili. Kitenge kiliondolewa juu ya televisheni, na kila siku baada ya kula, kabla vyombo havijatolewa, anasema, “Clémence, niwekee dada yangu.” Wanaangalia. Wakimaliza, “Rudia.” Nilikuwa napanda mara moja moja na kuwakuta, Mama Georgette kwenye kochi, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na Papa Anselme kando yake na shati lake la bluu, sahani mapajani. Siku za kwanza alikuwa akitazama dirisha. Baadaye akawa anatazama sahani. Mara ya mwisho nilipowakuta alikuwa anatazama televisheni, na bega la Mama Véro lilipopanda naye akacheka, na shemeji yake akampiga paja, “Unaona? Unaona anavyotembea?” Naye akasema, “Naona.” Nilidhani ni adabu tu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho nilikuwa nayo, kazi yangu yote ilikuwa macho.

Mama Georgette alipoondoka, na nakala yake ya filamu ndani ya soksi ndani ya begi, ilikuwa Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi nilipanda ghorofa ya saba na filamu ile ya kwanza, namba zote nyekundu zikiwa mahali pake, nane ikiwa nane. Clémence alikuwa kazini. Papa Anselme alikuwa amepika chai ya maziwa na kukata mkate, amenyoa ndevu, amekaa mbele ya televisheni magoti pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. “Umeniletea?” Nimekuletea, Papa. Nikawasha. Mama Véro akatoka koridoni na beseni. Mguu wa kulia. Akasimama. Akasimama, beseni limeinama kidogo, kidevu chini, mtu anayepiga hesabu na mwili wake mwenyewe. Kisha wa kushoto ukaja, ukaanguka sakafuni, na mwili wote ukaufuata. Nilikuwa nimezipiga picha karatasi hizo moja moja kwa mkono wangu, na nilikuwa sijawahi kumwona. Nikamwona. Kitu kikanishika hapa kifuani, kikauma, kikauma kweli, nikaweka kikombe chini kwa sababu chai ilikuwa inamwagika. Mwaka mzima huo, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Machozi yakanitoka, na nilifurahi yanatoka, nikasema moyoni, angalau nimemrudishia.

“Simamisha,” Papa Anselme akasema.

Nikasimamisha. Alikuwa ameinama mbele, amekunja uso.

“Mbona anakwamakwama?”

“Ndivyo ulivyochora, Papa. Ni mguu.”

“Najua ni mguu. Si nilichora mimi?” Akafikiri. “Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Akaangalia tena, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Hatua. Kimya. Hatua. Akasogea mbele mpaka goti likagusa televisheni, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mguu. Akangoja mguu ushuke.

“Aka,” akasema. “Inakatakata. Huyu simjui. Niwekee ile ingine, mama.”

“Papa, ile ni ya mashine. Ile niliiharibu mimi. Véro ni huyu.”

“Weka tu.”

Nikaweka. Mama Véro akatoka koridoni akitembea kama mtu yeyote, na Papa Anselme akarudi nyuma kwenye kochi, akachukua mkate wake, akauchovya kwenye chai.

“Ndiyo huyu,” akasema.